Haishi Hapa! Sema, Tena kwa Maandishi

Kuna neno moja linalotuponza wengi hapa Arusha: "Achana nayo."

Barua imekuja nyumbani kwako Sakina, au Moshono, au huko Tengeru. Juu ya bahasha kuna jina usilolijua, na chini yake kuna mtaa wako, barabara yako na namba ya nyumba yako. Unaigeuza mkononi, unaitupa juu ya kabati. Mwenzako anauliza ni ya nani, unamjibu labda wamekosea. Mwezi unaofuata inakuja nyingine, hii ya benki. Kisha bodaboda inasimama getini, anashuka kijana mwenye kitambulisho shingoni, anamuulizia mtu yuleyule, na jinsi anavyokutazama ni wazi anaamini wewe ndiye umemficha. Majirani wameshachungulia. Na wewe bado unasema achana nayo.

Nakuomba usiachane nayo. Kuna mtu amesema mahali fulani, kwa maandishi na pengine kwa muhuri, kwamba anaishi kwako. Ofisi iliyopokea maneno hayo imeyaamini. Neno la pekee linaloweza kuyapinga ni la kwako, na bado hujalitoa. Kila siku unayonyamaza, karatasi ya huyo mtu inazidi kupata nguvu, kwa sababu kwenye faili lile hakuna hata mstari mmoja unaosema kinyume chake. Una haki ya kuuweka mstari huo, na uwezo wa kuuweka unao, hata kama hujawahi kumwona wakili kwa macho yako.

Naelewa tulikotoka. Tumekulia kwenye nchi ya masanduku ya posta. Nyumba haikuwa na namba wala barabara haikuwa na jina; kila kitu kilipitia S.L.P., na S.L.P. hawakuwa nayo wengi. Mtu wa Nkoaranga au Poli alipotaka majibu ya maombi ya kazi aliandika kupitia sanduku la shule, la usharika, la mwajiri wa baba yake mdogo. Mwenye sanduku alishuka mjini, akafungua kisanduku chake pale Posta karibu na Mnara wa Saa, akatoka na barua za ukoo mzima. Kuazimana anwani ulikuwa utu, na watu wamesoma na kupata ajira kwa utu huo. Siubezi hata kidogo.

Lakini sanduku la posta lilikuwa mahali pa kuchukulia barua tu. Halikusema mtu analala wapi. Tarehe 8 Februari 2022, pale Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi, miezi michache kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huohuo. Vijana wakapita na vishikwambi, nyumba zikapewa namba, barabara zikawekewa nguzo za majina, hata vichochoro ambavyo tulizoea kuvielekeza kwa "ukifika kwenye ule mwembe." Arusha yetu ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kufanyiwa majaribio ya mfumo huu kabla haujasambazwa nchi nzima. Leo kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya geti lako kinaonekana kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA, pamoja na postikodi ya kata yako. Benki inakiuliza, mkopeshaji anakiuliza, fomu za usajili wa biashara zinakiuliza. Siku hizi ukitaja namba ya nyumba unasema: njooni hapa mtanikuta.

Ndiyo maana anayekitumia kibao chako bila kukuuliza hajaazima kitu kidogo. Ameiweka familia yako mbele, yeye akasimama nyuma yake.

Hebu tuangalie nini hasa kinaweza kuja kwenye mlango huo. Mtu anashikiliwa kwa kosa, anatakiwa wadhamini wenye barua za utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Mdhamini anataja mtaa wako na nyumba yako. Mshtakiwa anaruka dhamana, na askari wanaanza kutafuta. Wanaanzia wapi? Au mtu anashtakiwa kwa deni, wito wa mahakama hauwezi kumfikia mkononi, na mahakama inaamuru ubandikwe kwenye mlango wa nyumba anayojulikana kuishi. Unarudi kazini jioni unakuta karatasi yenye nembo ya Taifa imegandishwa getini kwako, na watoto wa jirani wameshaisoma yote. Au ni mkopo wa simu, huu tunaouita kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wakopeshaji wa namna hiyo wanapomkosa mdaiwa hawasumbuki kuuliza nyumba ni ya nani.

Kisha kuna hili la Arusha, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni letu. Mji huu unaishi kwa safari. Neno "Arusha" likiandikwa chini ya jina la kampuni ya utalii, mgeni aliye mbali anaamini. Tapeli analijua hilo vizuri kuliko sisi. Anatengeneza tovuti, anaweka picha za tembo, anaweka bei nzuri ya siku nne za kupanda Meru mpaka kileleni, mita 4,566, na mahali pa ofisi anaandika namba ya nyumba aliyoiokota kwenye ramani. Inaweza kuwa ya kwako. Asubuhi moja getini kwako Njiro unamkuta mama wa Kizungu na mabegi mawili, karatasi mkononi, ameshalipa nusu ya fedha zote, anauliza ofisi iko ghorofa ya ngapi. Wewe una kuku na ndoo ya maji.

Usimfungie geti. Huyo ni mwathirika mwenzako, na karatasi aliyoishika ndiyo ushahidi wako wa kwanza. Ipige picha. Mwelekeze kituo cha polisi cha utalii na diplomasia hapahapa mjini, na ukiweza nenda naye, ili jina lako liingie kwenye maelezo kama mtu aliyetoa taarifa, siyo kama mtu aliyetajwa. Ukikaa nyuma ya pazia, mgeni yule atakwenda peke yake, na nyumba atakayoieleza ni ya kwako.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi tunajidharau. Tunadhani hakuna sheria inayolijali jambo hili. Ibara ya 16 ya Katiba inatambua haki ya mtu kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, familia yake na maskani yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaitaja anwani waziwazi kuwa taarifa binafsi, kwenye orodha moja na alama za vidole na kundi la damu. Isome tena hiyo: kwa macho ya sheria, namba iliyo getini kwako imekaa jirani na damu yako. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa, kutaka zirekebishwe au zifutwe, na kudai fidia akidhurika. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024, ipo kupokea malalamiko ya mwananchi dhidi ya taasisi inayokataa. Na aliyeitaja nyumba yako kwa uongo ili apate mkopo au amlaghai mgeni, kosa lake lina jina ambalo mahakama zetu zinalitaja kila siku: kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu.

Kwa hiyo simama. Chukua ile bahasha juu ya kabati. Kama jina si la mtu wa nyumbani mwako, usiifungue. Ipige picha mbele na nyuma, muhuri wa posta uonekane. Juu yake andika kwa herufi kubwa HAISHI HAPA, irudishe Posta au kwa aliyeituma. Tafuta daftari, hata la shilingi mia tano, na kila tukio liandikie mstari: tarehe, nani alikuja, alimuulizia nani, alitoka wapi, aliacha namba gani ya simu. Mwombe anayegonga akuonyeshe kitambulisho na uandike jina lake. Utashangaa jinsi sauti ya mdai inavyoshuka akiona kalamu.

Halafu andika barua. Wengi wanaogopa hapa, wanadhani barua lazima iwe na Kiingereza na vifungu. Haihitaji. Inaweza kuwa hivi:

"Mimi ni mkazi na mwenye nyumba iliyotajwa hapo juu. Tarehe hii nimepokea barua yenu yenye jina la mtu ambaye kumbukumbu zenu zinaonyesha anaishi kwangu. Mtu huyo hajawahi kuishi hapa, wala sikumpa ruhusa ya kutumia anwani yangu. Naomba kumbukumbu zenu zirekebishwe na nijibiwe kwa maandishi."

Jina, sahihi, namba ya simu, basi. Ichapishe nakala tatu pale stationery. Moja peleka kwa aliyekutumia barua, awe benki, mkopeshaji au mahakama. Moja peleka ofisi ya serikali ya mtaa. Moja ni yako, na hiyo usikubali kuondoka nayo bila kugongwa muhuri wa kupokelewa. Mhudumu akikwambia "acha tu hapo, mama," mjibu kwa heshima kwamba utasubiri. Subiri kweli. Kaa kwenye benchi. Muhuri ule wenye tarehe ndio utakaokusemea siku mtu akidai ulijua ukanyamaza.

Kwa mwenyekiti wa mtaa usiende na karatasi peke yake. Zungumza naye. "Shikamoo mwenyekiti, nimekuja kwa jambo la nyumba yangu." Mwambie aangalie daftari la wakazi, muone pamoja nani ameandikishwa kwenye nyumba yako. Mara nyingine utakuta barua ya utambulisho ilitolewa kwa nia njema kabisa, kijana alikuja haraka haraka, akataja jina lako, mwenyekiti akakuheshimu wewe kwa kumsaidia yeye. Muombe aandike kwamba kuanzia leo, asiyefika na wewe mwenyewe asipewe barua kwa nyumba hiyo. Ukiwa upande wa Arumeru, Ngaramtoni au Usa River, mlango ni wa mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa eneo lako, utaratibu ni uleule. Kama kuna dalili ya utapeli, nenda polisi, toa maelezo, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako. Ikiwa ni kampuni, mtu yeyote anaweza kuomba BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, taarifa za usajili wake kwa ada. Ukikuta ofisi yake iliyosajiliwa ni sebule yako, walalamikie BRELA kwa maandishi na nakala ipeleke kwa ofisa biashara wa Jiji.

Na dalali wa mahakama akija na gari kubeba makochi kwa deni la mtu asiyeishi hapo? Usipigane naye, wala usimwachie uwanja. Mwonyeshe kitambulisho chako, nyaraka za nyumba, barua zako zenye mihuri, na udai nakala ya amri aliyoishika. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwenye Amri ya 21 kanuni ya 57, inamruhusu mtu ambaye si mdaiwa kufungua pingamizi mahakamani ili mali yake isikamatwe au iachiwe. Nenda siku hiyohiyo. Huna fedha za wakili? Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa rasmi. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako wakuelekeze kwa wa karibu.

Najua kinachobaki moyoni. Siyo sheria. Ni kwamba mara nyingi aliyeitumia nyumba yako unamjua. Ni mpangaji aliyehama na bado akaunti zake zote ziko kwako. Ni mtoto wa kaka yako aliyekuja mjini kutafuta maisha, akalala kwako wiki mbili, akaenda zake Dar. Ukimgusa utaambiwa umekuwa mgumu, umesahau ulikotoka.

Mguse hivyohivyo. Mpigie simu kabla hujaandika popote. Mazungumzo yenyewe hayahitaji ukali.

"Shangazi, nilikuwa naharakisha tu, wakaniuliza unaishi wapi, nikataja kwako."

"Mwanangu, ungeniuliza ningekwambia ndiyo au hapana. Hukuniuliza. Sasa naomba hadi Ijumaa uwe umeibadilisha, unitumie picha ya karatasi mpya."

"Na nisipoweza?"

"Utaweza. Usipoweza, mimi nitawaandikia wenyewe."

Huo siyo uchoyo. Shangazi huyo hajamfukuza mtoto, hajamtukana, hajamnyima chakula. Amesema jambo moja, ameweka siku, ametaja kitakachofuata, na atakifanya. Mtoto wa watu atajifunza kuliko angesemwa vibaya ukoo mzima kwenye kikao. Kwa mpangaji anayehama fanya hivyo mapema zaidi: kwenye mkataba ongeza mstari kwamba ndani ya mwezi mmoja atabadilisha anwani yake kila mahali, na siku ya kukabidhi funguo asaini kwamba ameelewa.

Kama bado unajiona mdogo mbele ya ofisi hizi, kumbuka uko kwenye ardhi ya nani. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa Mlima Meru, ili ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Watu wale hawakuwa na benki wala gazeti. Walichangishana, wakaandika malalamiko, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurudi kwa haraka waliyoitaka. Lakini dunia ilisikia kwa kinywa cha Mmeru kwamba mahali pale ni pake, na Kirilo aliporudi alizunguka Tanganyika akiwasimulia wengine, na kesi ile ikachochea siasa za uhuru. Walisafiri maelfu ya maili kusema "hapa ni petu." Wewe unaombwa ufike ofisi ya mtaa.

Wala usidhani ni sisi tu, au kwamba ni aibu ya mji maskini. Huko Cardiff, Uingereza, mtu mmoja aliwahi kufurikiwa na barua za kodi za kampuni za China zipatazo 11,000, zote zikitaja nyumba yake. Hakuhusika na hata moja. Hakunyamaza, alipaza sauti mpaka mamlaka ya kodi ikamwomba radhi. Malalamiko ya watu wa kawaida wa namna yake yameigusa hata sheria: tangu tarehe 4 Machi 2024 msajili wa makampuni wa Uingereza amepewa nguvu zaidi dhidi ya kampuni zinazotumia anwani zisizo zao, na mwenye nyumba ana fomu maalumu ya kuomba kampuni iondolewe kwenye anwani yake. Kama una mtoto au dada anaishi huko, mwambie fomu hiyo ipo.

Kwetu pia mambo yatabadilika kwa kiasi cha barua zitakazofika mezani. Jiji hili lina kata 25 na watu zaidi ya laki sita. Mwenyekiti akipokea barua moja ya aina hii kwa mwaka, atadhani ni ugomvi wa familia. Akipokea kumi, ataanza kumuuliza kila kijana: mwenye nyumba yuko wapi, mpigie nimsikie. Mkopeshaji akirudishiwa bahasha ishirini zenye HAISHI HAPA, atatuma mtu ahakiki kabla ya kutoa fedha. Ofisi inaanza kuwa makini pale kutokuwa makini kunapoanza kuisumbua.

Kwa hiyo leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, waite walio nyumbani: mwenzako, watoto, dada wa kazi, mlinzi. Waambie hakuna kupokea wala kusaini karatasi ya mtu asiye wa humu, na kila anayeulizia jina geni aandikwe kwenye daftari lile, ambalo litakaa pale mlangoni na kalamu yake. Mpigie aliyehama. Mpigie mpwa wako. Kesho asubuhi vaa, chukua bahasha, nakala tatu na kitambulisho chako cha NIDA, na uwe mtu wa kwanza kwenye benchi la ofisi ya mtaa. Wakisema mwenyekiti hajafika, waulize anafika saa ngapi, kisha kaa.